Skonzi za Rewena Siku ya Jiwe la Mama

Kila jioni nyumbani kwa Tiripa, hapa kijijini Te Kaha, viazi huchemka jikoni. Mumewe, Hoterene, akirudi kutoka shamba la matunda hukuta chakula tayari. Maji ya viazi hayamwagwi. Yakipoa, Tiripa huyatia kwenye chupa ya chachu, pamoja na unga wa ngano na sukari kidogo. Chachu hiyo ndiyo huumua mkate wetu, rewena. Tiripa aliachiwa chupa hiyo na mama yake, Rangipai, aliyefariki mwaka jana.

Siku ya kufunua jiwe la kaburi la Rangipai, kama ilivyo desturi yetu mwaka ukipita tangu msiba, ilikuwa inakaribia. Ukoo mzima ungekula pamoja kwenye marae, uwanja wetu wa ukoo. Tiripa alitaka skonzi za siku hiyo zitokane na chachu ya mama yake. Lakini tangu mama afe, skonzi zake zilitoka ngumu.

Msimamizi wa jiko la marae, wifi yake Parehuia, alikuja kuonja. Alitafuna, akaacha, akaigonga skonzi mezani.

"Wifi, jiwe ni la kufunuliwa, si la kuwalisha wageni," alisema. "Nitanunua za dukani, mjini Opotiki."

"Nunua ukitaka," Tiripa alijibu. "Kwenye meza ya mama yangu haziingii."

"Na wageni watakula nini? Kiburi chako?"

"Watakula rewena."

Parehuia aliondoka akicheka. Tiripa alichukua chupa yake, akavuka barabara kwenda kwa jirani, Mama Kuini, aliyeoka na Rangipai miaka mingi. Kuini alinusa chachu, akachovya kidole, akalamba. Akauliza kama viazi vinachemshwa na chumvi.

Tiripa alishangaa. Nani anachemsha viazi bila chumvi? Kisha akakumbuka. Mama yake hakutia chumvi sufuriani hata mara moja. Aliiweka mezani, kila mtu ajitilie. Watoto walimcheka, wakidhani anasahau.

"Hakusahau kitu," Kuini alisema. "Chachu ina uhai, mwanangu. Ukiilisha maji ya chumvi kila siku, inadhoofika. Mama yako alipika akiifikiria hiyo chupa kwanza, nyinyi baadaye."

Kuini alipoanza kumpa pole, Tiripa alimkatiza.

"Pole sitaki, mama. Nifundishe."

Basi walichemsha viazi bila chumvi. Maji waliyaacha yawe vuguvugu, maana yakiwa ya moto huiua chachu. Kifuniko hawakukikaza, ili hewa itoke. Waliilisha hivyo mpaka ikajaa mapovu na tone lake likaelea kwenye maji. Kidogo waliiweka akiba, ya kuokea siku nyingine.

Donge lilikandwa kwa unga, chachu, maziwa vuguvugu, siagi na chumvi kidogo. Chumvi mahali pake ni kwenye donge, si kwenye chupa. Donge lilinata, Tiripa akanyoosha mkono kuchukua unga zaidi. Kuini akaupiga mkono huo.

"Acha linate. Unga ukizidi, ndiyo mawe yenyewe hayo."

Tiripa alipaka mikono mafuta, akaendelea kukanda. Donge lilipoumuka likawa maradufu, walilikata vidonge, wakavipanga kwenye trei vikigusana, ili ubavuni vibaki laini. Walisubiri viumuke tena, ndipo wakaoka. Skonzi zilipotoka, walizipaka siagi na kuzifunika kwa kitambaa safi. Mvuke ulilainisha ganda.

Trei ya kwanza ilikuwa bado nzito, kwa kuwa chachu ilikuwa haijapata nguvu zake zote. Tiripa aliilisha siku kadhaa zaidi, akaoka tena. Safari hii skonzi zilichanika kama pamba.

Siku ya jiwe ilipofika, aliingia jiko la marae na trei zake. Mifuko ya mikate ya dukani ilikuwa imejaa mezani. Parehuia alisimama, mikono kiunoni. Tiripa hakuomba ruhusa. Aliipandisha mifuko yote juu ya kabati, akapanga skonzi zake.

Trei zilirudi tupu. Mjomba mmoja alitafuna skonzi yake, kisha akauliza ni nani aliyemfufua Rangipai.

Wakati wa kuosha vyombo, Parehuia alimsogelea.

"Wifi, mwezi ujao tuna mkutano. Utatuokea tena?"

"Peke yangu sioki," Tiripa alisema. "Njoo na chupa, nikugawie chachu, na uje na mikono yako ukande. Ukitaka kuletewa tu, barabara ya Opotiki unaijua."

Parehuia alinuna. Kisha akafungua kabati na kuanza kutafuta chupa.