Namba Iliyodariziwa Kifuani

"Wiki tatu," alisema Koki, akiyabwaga mashati sita juu ya meza ya kukatia. "Mimi na mafundi wenzangu tumezunguka mji mzima kama mabango yenye miguu. Hajapiga simu mtu hata mmoja."

Mdarizi hakuinua kichwa. Mashine yake ilikuwa inamalizia jogoo kwenye aproni ya muuza kuku. Ulibaki mkia tu.

"Nembo haipigi simu, inaonekana," alijibu. "Sasa kama fundi mwenyewe amenuna, mteja ataanzia wapi?"

"Sijanuna."

"Ungejiona."

Miezi saba nyuma, wawili hawa walikutanishwa na maji. Koki, fundi bomba, alifungua valvu isiyo yake ghorofa ya juu, na dari ya duka la vifaa vya kushonea ikaanza kumwaga. Mdarizi, aliyekuwa humo akinunua nyuzi, alitoka mbio na gauni lake la njano, amekumbatia katoni ya nyuzi kama mtoto mchanga. Fundi aliposhuka kuomba radhi, mdarizi alimuuliza yeye ni fundi au ni wingu. Koki alicheka, akambebea katoni mpaka dukani kwake. Wiki ya pili alinunua laini nyingine, akaiweka kwenye simu ndogo ya vitufe, ya kuzungumza na mtu mmoja tu. Kila mchana simu ile ililia, na mdarizi aliijua namba yake kuliko siku yake ya kuzaliwa.

Ni yeye aliyemshawishi aache kuajiriwa afungue kazi yake. Ni yeye pia aliyesema lazima wavae mashati yenye nembo: koki, tone la maji, jina la kazi na namba ya simu, kwa sababu mtu aliyepasukiwa na bomba hakumbuki sura ya fundi, anatafuta namba.

Halafu mchana mmoja Koki alipita, akamwona kupitia kioo cha mlango: kiganja chake kiko kifuani kwa mwokaji mikate, wote wawili wanacheka. Hakuingia. Aliizima simu ndogo, akaitupa ndani ya sanduku la vifaa. Alipopigiwa kwenye simu ya kazi alijibu kama mteja tu: mashati yakiwa tayari atayafuata. Siku ya kuyachukua hakukaa hata kwenye kiti.

"Nayarudisha," alisema sasa. "Kesho asubuhi nasaini kwa mkandarasi. Naenda kwenye mradi wa bwawa, miaka miwili."

Mdarizi aliizima mashine. Alivuta shati la juu, akalikagua kama anavyokagua kazi yoyote iliyorudishwa. Mishono ilikuwa imelala vizuri, kitambaa hakijajikunja. Kidole chake kikafika kwenye namba, kikasimama. Akafungua faili la oda, akaitafuta karatasi ya Koki.

"Soma namba," alisema taratibu, akimsogezea shati.

Koki alisoma. Akasoma tena.

"Hii ni laini ya simu ndogo, ya kuongea na wewe."

"Karatasi yako ilikuwa mbele yangu, sikuitazama. Niliandika ninayoijua. Miaka yote ya kazi sijawahi kudarizi kwa kichwa." Alilifunga faili. "Lakini na wewe ulisaini sampuli bila kuisoma."

"Nilitaka kuondoka kabla sijakuuliza."

"Kuniuliza nini?"

"Yule mwokaji. Mkono wako kifuani kwake."

Mdarizi alizunguka meza, akaweka kiganja kifuani kwa Koki, upande wa kushoto.

"Mwenye kitambi anawekewa alama akiwa amevaa. Ukipima mezani, akivaa nembo inakimbilia kwapani. Alikuwa anacheka kwa sababu anatekenyeka. Mke wake alikuwa amekaa kwenye kiti kile. Ungeingia ungemsalimia."

Koki alitazama kiti, akatazama viatu vyake. Kisha akatoka nje, akarudi na simu ndogo iliyojaa vumbi la saruji. Waliichomeka kwenye chaji, wakasubiri.

Ilianza kutetemeka. Ujumbe juu ya ujumbe, mpaka ikawa inatambaa mezani kama mende. Wapo waliofurikiwa na maji jikoni, wapo waliouliza kama bado anafanya kazi au amehama. Mwenye hosteli ya vyumba arobaini alikuwa amepiga mara nne, ya mwisho asubuhi ile. Koki alimpigia hapo hapo. Mama huyo alimwambia alimwona kwenye foleni ya benki akasoma shati lake. Kumpata ni shida kuliko kumpata waziri, lakini akifika kabla ya saa sita, kazi ni yake.

Simu ya pili aliipiga kwa mkandarasi, kumwambia hatasaini.

Mdarizi alikuwa ameshika kifumulio. "Lete nifumue, nikuwekee namba ya kazi."

Koki alimshika mkono. "Iache. Namba ya kazi ndiyo hii. Haizimwi tena."

"Na mimi nitakupigia wapi?"

"Hutanipigia. Utanikuta nyumbani."

"Hilo ni ombi au tangazo?"

"Ni ombi, Mdarizi wangu. Nikuoe?"

"Nimekubali. Ila mwambie mwenye mtoto, sasa hivi."

Mdarizi akabonyeza namba ya mama yake. Mama aliuliza kama ni yule fundi asiyepokea simu. Akaambiwa siku hizi anapokea. Koki alisimama wima kama yuko mbele ya mwalimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bomba langu linavuja tangu ulipojificha. Njoo Jumapili na wazee wako, na spana uje nayo."

Saa tano na nusu mdarizi alivaa shati moja juu ya gauni, akalifunga fundo kiunoni, akavuta mlango na kutia kufuli. Walikuwa njiani kwenda hosteli, hawajafika hata kona, simu ndogo ilipolia. Koki aliipokea mlio wa kwanza haujaisha.