Mshono wa Binti Radi

Zamzam alikuwa ameketi vizuri mno kwa mtu aliyekufa.

Mgongo uliegemea kiti cha plastiki, magoti yamebanwa pamoja, viganja vimelazwa mapajani. Wigi la buluu lilikuwa limechanwa likalala vizuri. Joho la buluu lenye mikono mipana lilishuka mpaka sakafuni, kila mkunjo mahali pake. Shingoni tu ndipo palipokuwa na ukweli: alama nyeusi za vidole, na juu yake uso uliovimba chini ya poda.

Inspekta Kalunde alisimama mlangoni mwa chumba cha kuvalia akamtazama kwa muda. Alikuwa ameona maiti katika mashamba ya mahindi na kwenye machimbo ya mawe, na zote zilikuwa zimetupwa kama takataka. Hii ilikuwa imepangwa kama ya kupigwa picha, na jambo hilo lilimkera kuliko damu.

"Nani amemgusa?"

"Hakuna, afande," alijibu Sajini Mbithi. "Aliyemkuta ni mwenyekiti wao. Yuko hapo nje analia."

Mwenyekiti aliitwa Muthoka. Alikuwa kijana mrefu mwenye nywele bandia za rangi ya chungwa na upanga wa boksi uliopakwa rangi ya fedha. Machozi yalikuwa yamemchora mistari usoni.

"Hii ni sherehe ya nini?" Kalunde aliuliza.

"Ya wapenzi wa katuni za Kijapani, madam. Kila Agosti tunakodi ukumbi huu. Watu wanatoka hapa Machakos, Athi River, hata Kitui. Kila mtu anavaa kama mhusika anayempenda."

"Na huyu alikuwa nani?"

"Binti Radi. Ndiye ameshinda leo. Angeenda Nairobi kutuwakilisha kwenye sherehe kubwa."

"Mnashindania nini hasa? Sura?"

"Nguo, madam. Na sheria yetu ni moja tu: unajishonea mwenyewe. Ukipanda jukwaani unaulizwa, 'Nani amekushonea?' Unajibu, 'Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu.' Hapo ndipo watu wanapiga makofi. Ukishonewa, unatolewa."

Kalunde aliutazama ukumbi. Vijana wa watu walikuwa wamekaa chini wakitetemeka, wenye mabawa, wenye mikia, wenye masikio ya paka. Karibu kila mmoja alikuwa amechomeka sindano kwenye kola, tayari kwa dharura. Langoni wenyeji wa mji walikuwa wamejaa. Asubuhi walikuja kuwacheka walio hai. Sasa walikuja kumtazama aliyekufa, kwa uroho uleule.

Nyuma kabisa alikaa msichana asiyevaa chochote cha ajabu, sweta la kijivu tu na sketi.

"Wewe mbona hukuvaa?"

"Mimi nilikuja kuangalia tu, madam. Naitwa Kamene. Nafanya kazi Athi River, kiwanda ya nguo."

"Ulimjua marehemu?"

"Kwa salamu tu."

"Baada ya zawadi ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa nyuma, na wengine."

Hata yeye alikuwa na sindano kwenye kola. Kalunde akapita.

Mshukiwa, kwa kweli, alikuwa amekwisha kupatikana, na wananchi walikuwa wamekwisha kumhukumu. Jamal, kaka yake Zamzam, alikuja langoni adhuhuri akapiga kelele mbele ya watu wote: "Toka humo! Nitalirarua hilo joho, na roho nikutoe! Unatuaibisha msikitini!" Mayowe yalipotoka ndani ya ukumbi baadaye, watu walimkuta kwenye bomba la maji, nyuma ya jengo. Hawakumuuliza kitu. Polisi walipomwokoa, meno yake mawili yalikuwa yamebaki kwenye changarawe.

"Kesi imekwisha," alisema Mwangangi, mkuu wa kituo, huku akikoroga chai yake. "Jumatatu asubuhi kortini. Kutisha kuua, halafu kuua. Unataka nini tena?"

"Nataka kujua kwa nini alimkalisha vizuri hivyo, bwana."

"Majuto. Andika majuto."

Kalunde hakuandika majuto. Alishuka seli.

Jamal alikuwa amejikunja ukutani, mdomo umefura kama andazi.

"Ulisema utamuua," Kalunde alianza.

"Nilisema."

"Ukaingia chumbani?"

"Sikuingia. Nilizunguka nyuma nimwite dirishani tuongee pole pole. Nikakuta dirisha lina nondo. Nikakaa bombani nioshe uso nitulie." Alitema damu kwenye kitambaa. "Madam, neno la mwisho aliloskia kwangu ni hilo. Kwamba nitamtoa roho. Unafikiri nitalipeleka wapi?"

"Unajua kushika sindano?"

"Mimi? Nauza vipuri vya magari."

Swali hilo hata Kalunde mwenyewe hakujua kwa nini aliliuliza. Alijua sababu kesho yake.

Jumapili asubuhi, nje ya mochari, Mwanaasha, mama wa marehemu, alikuwa amekaa kwenye benchi na wanawake wenzake, mfuko wa sanda umelala magotini mwake.

"Mwanangu hajalala ardhini," alimwambia Kalunde bila kumtazama. "Sisi hatuweki maiti, mama. Kila saa mnayomweka hapo mnamwadhibu."

"Pole, Mama Jamal. Daktari akimaliza, tunakupa."

"Na Jamal? Nani atalibeba jeneza la dada yake?"

Kalunde alikuwa ameomba Jamal aachiliwe kwa mazishi, na mkuu wa kituo alikuwa amekwisha kukataa.

Ndani, daktari alimwita kwa mkono. "Njoo uone hapa. Mkono wa hili joho hautoki."

"Umegandishwa na damu?"

"Damu hakuna. Umeshonwa."

Kalunde aliinama. Karibu na kwapa, kitambaa kilikuwa kimeraruka vibaya, kisha kikazibwa kwa mshono mdogomdogo, safi, wa uzi wa buluu. Mahali pawili sindano ilikuwa imezama zaidi, ikachukua nyama pamoja na nguo.

"Mtu hai angepiga ukelele," alisema Kalunde.

"Mtu hai angetoa damu. Tazama: hata tone. Moyo ulikuwa umesimama." Daktari alivua miwani. "Alimnyonga, nguo ikararuka katika purukushani, halafu akakaa chini akaitia viraka maiti ikiwa imeivaa. Miaka yote nimefanya kazi hii, sijaona."

Kalunde aliinama tena akaufuata mshono kwa macho, tundu kwa tundu.

"Nitakata kitambaa pembeni," daktari alisema, "mshono ubaki mzima. Utauhitaji."

Sasa Kalunde alijua. Jamal alilichukia joho lile. Angelirarua akashukuru Mungu. Aliyeua alikuwa mtu aliyelipenda joho kuliko mwenye kulivaa.

Alimpelekea mkuu wa kituo habari hizo. Mwangangi akatikisa kichwa. "Mshono si jina la mtu, Inspekta. Niletee jina. Vinginevyo kijana anapanda kizimbani kesho."

Muthoka alikuja kituoni na kamera yake ndogo ya dijitali. Kwenye picha, Zamzam alikuwa jukwaani ameinua mkono juu, kwapa wazi, kitambaa kizima, hakuna mshono wa kiraka. Kwa hiyo nguo iliraruka baada ya zawadi.

Kalunde akarudi benchini kwa Mwanaasha.

"Mama Jamal, Zamzam alijifunzia wapi kushona?"

Mama alishangaa hata akaacha kulia. "Kushona? Zamzam? Kifungo kikikatika alikuwa akiniletea mimi! Hata uzi hakujua kuutunga."

"Na lile joho?"

"Alilishona yule rafiki yake. Msichana wa Kikamba, mpole, kwao Muthetheni. Kamene. Kila Jumapili alikuja nyumbani na furushi lake, wakijifungia chumbani. Hata pilau alikuwa akila kwangu." Kisha akageuka, akamtazama Kalunde kwa mara ya kwanza. "Kwa nini unaniuliza, mama?"

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hakuna mhenga aliyemwambia mama huyu kwamba kitakula pilau yake kwanza.

Kamene aliletwa kituoni alasiri ileile, wakati Zamzam alipokuwa akipelekwa makaburini. Aliketi ameinamisha kichwa, mikono yake yenye makovu ya sindano imefumbatwa. Joho lilikuwa mezani, ndani ya karatasi ya kaki.

"Ulisema ulimjua kwa salamu."

"Ndiyo, madam."

"Mama yake anasema ulikuwa unakula kwake kila Jumapili."

Kamene aliitupia jicho karatasi ya kaki.

"Ni nani aliyeshona joho la Binti Radi?"

"Ni yeye mwenyewe. Alisema jukwaani. Watu wote walisikia."

Alilisema hilo kwa sauti iliyonyooka. Kalunde hakumbishia. Alifungua karatasi, akalikung'uta joho kama blanketi la mlinzi, akalitupa mezani limejikunja ovyo. Vidole vya Kamene vilitangulia akili yake: vikaanza kulinyoosha, vikafuata pindo, vikageuza mkono wa kushoto juu. Hapo vikasimama.

Mkato wa makasi ulikuwa umepita kando ya kwapa, umeacha nyuzi zikining'inia.

"Asi! Nani amekata hii?"

"Daktari."

"Kwa nini akate?" Kamene alikuwa amesimama, machozi yanamtoka. "Si angefumua tu! Uzi ni moja, fundo iko hapo ndani ya kwapa, unavuta inatoka yote! Miezi yote hiyo, halafu mtu anakuja na makasi kama anachinja kuku!"

Mbithi, aliyekuwa akiandika, aliinua kalamu.

"Keti, Kamene," Kalunde alisema taratibu. "Jukwaani joho lilikuwa zima. Kiraka hicho kilishonwa Zamzam akiwa amekufa. Aliyejua fundo liko wapi ni aliyelifunga."

Msichana alibaki amesimama. Aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetafuta mlango. Kisha akaketi, na uso wake ukatulia kwa namna iliyomtisha Kalunde kuliko kilio.

"Hiyo joho ni yangu," alisema.

"Tunajua."

"Hamjui. Mimi kiwandani nashona upande moja wa suruali ya jinzi. Upande moja tu, kutoka asubuhi. Sijawahi kushona suruali yote. Hii ndiyo nguo ya kwanza nilishona nikaimaliza." Alifuta pua kwa mkono wa sweta. "Lakini mbele ya watu mimi natetemeka, siwezi. Zamzam anaweza. Tulipatana avae yeye. Wakimuuliza nani ameshona, aseme Kamene, aniite jukwaani. Tungetolewa, najua sheria. Sikutaka kushinda. Nilitaka waniite jina."

"Na akasema?"

"'Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu.' Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga. Mikono ilipiga tu."

"Ukamfuata chumbani."

"Nilimuuliza, Zamzam, mbona? Akacheka kwenye kioo. Akasema, nani ataamini Binti Radi ametoka fakitori ya jinzi? Akasema nisikasirike, ya Nairobi pia nitamshonea."

"Halafu?"

"Nikamshika shingo ndio anyamaze. Akanyamaza."

Kalamu ya Mbithi ilikwaruza karatasi, kisha ikanyamaza pia.

"Kwa nini ulishona kiraka?" Kalunde aliuliza. "Ungetoroka. Jamal angefungwa, na wewe usingejulikana kamwe."

Kamene alimtazama kama aliyeulizwa swali la kitoto. "Mkono ulikuwa umeraruka, madam. Watu wangekuja kupiga picha. Wangefikiri ndivyo nilivyoshona."

"Hukusikia sindano ikiingia nyamani mwake?"

"Niliskia. Nilikuwa na haraka."

Kalunde alichukia kile alichokisikia, na alichukia zaidi kwamba kwa dakika moja alikuwa amemwonea huruma.

Kamene alitia sahihi taarifa yake kwa mwandiko mzuri. Kisha akauliza, "Wamemzika na nguo gani?"

"Sanda. Vitambaa vyeupe."

"Nani ameshona?"

"Haishonwi. Wanakata tu, wanafunga. Hakuna mshono hata mmoja."

Kamene alifikiri juu ya hilo. Akachomoa sindano kwenye kola yake, bado ina uzi wa buluu, akaiweka mezani mbele ya Mbithi kabla hajaulizwa. Mbithi akaitia katika bahasha ya vielelezo.

Mkuu wa kituo alisoma taarifa yote, akakohoa, akasema kwamba tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi na ile habari ya kaka. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hapa kunyonga kulitangulia, na haki ilikuja mazishi yamekwisha. Kalunde aliuchukua ufunguo wa seli bila kumjibu.

Jamal aliinuka kwa kujishika ukutani.

"Ni yule Kamene," Kalunde alimwambia. "Amekiri. Uko huru."

"Wameshazika?"

"Wameshazika."

Jamal alitoka akipepesa macho kwenye jua la alasiri. Langoni mwa kituo palikuwa na watu, maana habari ilikuwa imekwisha kufika mjini. Mmoja wao, fundi baiskeli wa stendi, alijitokeza mbele. Jana mkononi mwake mlikuwa na rungu. Kalunde alimkumbuka vizuri. Leo alinyoosha mkono mtupu.

"Pole sana kwa msiba, ndugu yangu," alisema kwa huzuni ya kweli kabisa.

Jamal aliutazama mkono ule. Kisha akaushika, kwa sababu mtu yule alikuwa amesimama njiani, na njia ya makaburini ilikuwa ile ile moja.