Sisimizi kwenye Shuka la Elias

Dorcas alikifuta kidole cha mkono wa kushoto wa Elias kwa pamba yenye spiriti, akampangusa sisimizi aliyetambaa shukani, kisha akachoma. Kipimo kikasoma sukari kumi na tisa.

"Nimpe insulini?" aliuliza muuguzi huyo. "Jana ilisoma hivi hivi. Nikampa, ikaanguka hadi moja nukta tisa. Nusura tumpoteze."

Inspekta Wilhelmina Odoyo alikiinamia kipimo. Ngosha, mdogo wake Elias, alikuwa amefika kituo cha polisi kudai kwamba Dorcas anamuua kaka yake, mchuuzi wa dagaa wa Kirumba. Kama ingethibitika, Dorcas angelala mahabusu.

"Ungetaka kumuua, sista, ungeniita nitazame?"

"Afande, mimi mwenyewe sielewi. Figo zake zimechoka, insulini inakawia mwilini, na chakula ni kidogo. Sukari ishuke, sawa. Lakini ipande hivi, imetoka wapi?"

Labda kipimo kibovu. Wakaleta kingine: kumi na nane. Labda dripu imechezewa. Ilikuwa maji ya chumvi tu, nayo haikuguswa. Wilhelmina akaketi kwenye kiti cha wageni, upande wa kushoto wa kitanda. Sisimizi mwingine akapita mbele yake, akapanda kidole kile kile.

"Pima mkono wa kulia."

Nne nukta nane, sukari ya kawaida.

"Yesu wangu," Dorcas alinong'ona, akaiweka chini sindano ya insulini.

"Nani hukalia kiti hiki?"

"Mama yake tu. Ametoka sasa hivi, yuko kwenye benchi."

Mama Evelina akaitwa, akaingia ameukumbatia mkoba wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Umemletea nini mgonjwa?"

"Si kitu."

"Kwa hicho kisicho kitu, sista huyu atafungwa."

Mama akatoa kichupa cha asali ya Sengerema. "Nachovya kidole chake mwenyewe, namgusisha midomoni, kisha nakifuta kwa kanga. Mwanaume mzima halishwi kama kichanga."

"Spiriti haikuutoa utamu wote," Dorcas alisema taratibu. "Kipimo kilipima asali. Nami nikaitibu asali."

"Basi ni mimi ninayemuua mwanangu?"

"Yu hai, mama."

Dorcas akaleta beseni na sabuni. Mama akaanza kuviosha vidole vya mwanawe, kimoja kimoja.

Ngosha akagonga mlango, akaufungua nusu. "Afande! Mmeshamkamata?"

Mama hakuinua kichwa. "Mwambie nimekamatwa mimi, mama yake."

Wilhelmina akausukuma mlango ukafungika. "Maelezo tutaandika kesho, mama. Bado kidole gumba."