Marehemu Aliyeambiwa Njoo Kesho

Marehemu alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakunywa kahawa.

Inspekta Candida alimtazama, kisha akatazama cheti. Taimur Suud, muuza zipu na vifungo, Kariakoo. Amefariki tarehe tatu. Tarehe kumi na mbili marehemu huyohuyo akaweka kidole kwenye mashine ya kusajili laini ya simu, na mfumo mpya wa serikali, ule unaolinganisha vyeti vya vifo na alama za vidole, ukatoa taarifa makao makuu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande. Umekuja kunizika?"

Candida akacheka bila kupenda. Miaka kumi na moja kazini, vyeti vya kughushi alivijua vyote: cha mirathi, cha bima, cha kukwepa kesi. Hiki kilimshinda. Mzee hakuwa na nyumba, hakuwa na bima, hata mke hakuwa naye. Sasa nani kafaidika?

"Ulikwenda ofisi ya usajili?"

"Siku nne mfululizo! Dirisha namba tatu. Kuna binti pale, kila nikifika, njoo kesho."

"Kakuomba chochote?"

"Wala! Ananiagizia chai. Ananiuliza nimelalaje, nimekula nini. Halafu, njoo kesho. Jamani, chai ya nini na mimi ni maiti?"

Candida akafungua kumbukumbu za mfumo kwenye simu yake. Kila karani huingia kwa kidole chake, na cheti kile kiliingizwa kwa kidole cha Rasha Khalfani. Dirisha namba tatu.

"Twende, mzee."

Kwenye ofisi ya usajili alimwacha mzee kwenye benchi la ukumbini, akaingia na Rasha chumba cha nyuma.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Umelipwa?"

"Sikulipwa, afande."

"Usinichezee. Mtu hafi bure kwenye mfumo. Ulitaka nini kwake?"

Nje mzee akakohoa. Rasha akageukia mlango mzima mzima, na Candida akaona jinsi machozi yalivyomjaa machoni. Akashusha sauti.

"Kwa nini ulikuwa unamwambia njoo kesho?"

"Ili aje."

Hapo binti akaangua kilio.

"Ni baba yangu. Aliondoka nina miaka sita, akaenda Maskati. Khalfani, mume wa pili wa mama, Mungu amrehemu, ndiye aliyenilea, akaniandikisha shule kwa jina lake. Mwezi wa Rajabu mama amefariki. Cheti chake nilikiandika kwa mkono wangu, hapahapa. Nikabaki peke yangu. Simu ya baba sina, anwani sina, kwenye mfumo nilipata namba yake ya kitambulisho tu. Na utaratibu wetu unasema, aliyeandikwa amekufa kimakosa lazima afike mwenyewe dirishani. Basi nikamwandika."

"Akafika."

"Akafika. Hakunijua. Ulimi ukawa mzito, nikasema nitamwambia kesho. Na kesho yake vilevile. Afande, hamu naye imenimaliza. Miaka ishirini!"

Candida alikuwa na watoto wawili. Alitamani angekuwa muuza vitumbua siku ile, si polisi. Lakini kughushi ni kughushi. Alipiga simu makao makuu, jina la Taimur Suud likarudishwa miongoni mwa walio hai, kisha akatoka ukumbini na kumweleza mzee binti wa dirisha namba tatu ni nani na kwa nini alimwandika amekufa.

Mzee aliinua uso.

"Rasha? Rasha wa Badriya?"

"Ndiye."

"Niliporudi niliwafuata Msimbazi. Majirani wakaniambia wamehama, hawajui walikoelekea. Na mama yake, Badriya?"

"Pole sana, mzee. Amefariki."

Mzee akainamisha kichwa. Rasha akatolewa na askari, akasimama hatua mbili kutoka kwake, hathubutu kusogea.

"Tunampeleka kituoni," Candida alisema. "Ili apate dhamana, anahitaji mdhamini mwenye kitambulisho halali."

"Changu kinafanya kazi?"

Candida akatazama simu yake.

"Tangu dakika tano zilizopita."

Mzee Taimur akasimama, akamshika binti mkono.

"Basi niandike mimi, afande. Baba yake."