Trekta la Buluu

Kila siku kabla ya kwenda shule, Kidoti na mama yake walilima kwa jembe la mkono mpaka jua litokeze. Watu walimwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi iliyokuwa shavuni mwake. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alipofika darasani viganja vyake vilikuwa na malengelenge, kalamu ikawa inamponyoka, na mara mbili mwalimu alimkuta amelalia daftari la hesabu.

Zamani haikuwa hivyo. Baba ndiye aliyelima kwa trekta lao kuukuu, mpaka siku lilipobiringika naye mteremkoni. Trekta likawa chuma chakavu, na baba akavunjika nyonga. Tangu hapo alikuwa mtu wa kulala chali, akisikiliza majembe yakigonga ardhi kavu nje ya dirisha. Msimu uliopita walilima robo tu ya shamba, na mahindi yakaisha ghalani miezi minne kabla ya mavuno. Mdogo wake Kidoti alikuwa akilala na njaa huku akinyonya kidole.

Mwaka huu mama aliuza ng'ombe wote. Alitaka trekta lililotumika, la ukubwa wa kati, liwezalo kuvuta plau ya diski tatu.

"Tukikosea safari hii," Kidoti alimsikia akimwambia baba, "hatuna kingine cha kuuza."

Baba aligeuza uso ukutani.

Basi wiki moja kabla ya mvua, mama na Kidoti walifika asubuhi na mapema kwenye yadi ya matrekta. Shangazi, dada yake baba, alikuwa fundi wa mitambo na aliahidi kuwakuta huko. Mwenye yadi, mtu mnene mwenye sauti laini, alimkaribisha mama ofisini. Kidoti alikwenda nyuma ya banda kutafuta maji ya kunywa.

Hapo aliwaona vibarua watatu wakisukuma trekta la buluu. Walisukuma, likagoma. Wakasukuma tena, likagoma. Mara ya tatu likakohoa, likatoa moshi mweupe mzito, kisha likanguruma.

"Liache lipate moto," kibarua mmoja alisema huku akimimina maji kwenye rejeta ya kupozea injini. "Likipoa tena, tumekwisha."

Baada ya muda wakalizima, wakalifuta mpaka likang'aa, wakamwita tajiri wao. Yeye akamleta mama.

"Hili halijawashwa tangu jana," mwenye yadi alisema. "Sikiliza mwenyewe."

Akazungusha ufunguo. Trekta likawaka papo hapo.

Mama alicheka. Alicheka kwa sauti, mkono kifuani, na Kidoti akagundua kwamba alikuwa amekisahau kicheko hicho. Akisema aliyoyaona, kicheko kitazimika. Kesho itakuwa jembe tena, na keshokutwa jembe. Labda matrekta yote husukumwa, alijiambia. Mimi najua nini kuhusu injini? Lakini hakuweza kumtazama mama usoni.

Shangazi alipofika, jua lilikuwa limeshapanda. Ovaroli yake ilikuwa na madoa ya grisi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenywea hivyo?"

"Hamna kitu."

Shangazi alichomoa kijiti cha oili, akakinusa. Akakagua tairi, akakanyaga klachi, akainua mikono ya nyuma inayobeba plau. Mwisho aliweka kiganja juu ya injini.

"Ina joto hii. Limewashwa leo?"

"Nimemwashia mama hapa, dakika moja tu," alisema mwenye yadi. "Na jua hili, unategemea nini?"

"Basi tusubiri lipoe, tuliwashe upya."

"Dada yangu, kuna mteja mwingine anakuja saa sita. Mkisubiri, mtalikosa."

Mama alimshika shangazi mkono. "Wifi, tafadhali. Wiki ijayo mvua. Mimi sina nguvu za msimu mwingine kama ule. Nitakufa nikilima." Tayari alikuwa akifungua mkoba.

"Mama, usilinunue!"

Wote waligeuka. Kidoti alikuwa akilia. "Walilisukuma. Mara tatu. Nilikuwa nyuma ya banda, nikaona moshi mweupe. Walisema likipoa tena wamekwisha."

"Mtoto ameota huyo," alisema mwenye yadi, lakini sauti yake haikuwa laini tena.

Mama alimkazia macho bintiye. "Uliona, ukanyamaza?"

Kidoti aliinamisha kichwa.

"Tutasubiri," alisema shangazi, akaketi juu ya tairi.

Walisubiri. Saa sita ikapita bila mteja yeyote kutokea. Saa nane, injini ikiwa baridi kabisa, shangazi alizungusha ufunguo. Trekta lililia, likalia, likanyamaza. Akawaamuru vibarua walisukume. Lilipowaka, moshi mweupe ulitanda yadi nzima, na maji ya rejeta yakatoa mapovu kama chungu kinachochemka.

"Injini imepasuka ndani," alisema shangazi. "Hili lisingemaliza hata eka mbili."

Mama alikaa chini kwenye vumbi. Hakulia. Alikuwa akitazama mbele kama mtu asiyeona kitu, na hilo lilimtisha Kidoti kuliko machozi.

Shangazi hakukaa. Alizunguka yadi safu kwa safu. Moja lilikuwa dogo mno, lingine gia zake zilikwaruzana. Mwishoni kabisa, jirani na choo, alikuta trekta jekundu lililopauka, taa moja haipo, kiti kimefungwa kwa gunia.

"Na hili?"

"Hilo bovu la sura tu," alisema mwenye yadi kwa unyonge. "Watu hawalitaki."

Injini yake ilikuwa baridi kama jiwe. Mara ya kwanza halikuwaka. Mara ya pili likawaka, moshi ukatoka mwembamba na kupotea. Shangazi alilifungia plau, akalima mistari minne kwenye uwanja wa nyuma, akarudi akitokwa jasho.

"Klachi imechoka kidogo. Nitaitengeneza kesho. Lakini hili linafanya kazi, wifi."

Jioni ile, mama akiwa ameshalilipia lile jekundu na wakisubiri karatasi za mauzo ziandikwe, Kidoti alisogea karibu na mama.

"Nisamehe, mama. Ulikuwa umecheka. Niliogopa nikisema, hutacheka tena."

Mama alimvuta kifuani.

"Sikiliza, binti yangu. Mimi nilikuwa nimeshaamua kuliamini lile trekta kabla sijaliona. Shida ilinifumba macho. Siku ambayo ukweli utaniumiza ndiyo siku ninayouhitaji zaidi, na hapo usinionee huruma. Niambie. Hata nikikukasirikia, niambie."

"Nitakuambia, mama."

"Na leo umeniambia kabla sijatoa pesa. Umechelewa, lakini umetuokoa."

Shangazi aliwaita. Karatasi zilikuwa tayari, na yeye alikuwa amekwisha kupanda kwenye kile kiti cha gunia. Walikuwa na safari ndefu ya mwendo wa polepole, na baba alikuwa akisubiri kusikia mlio barabarani.