Mabalungi ya Yudith

"Nina kizuizi," Loth alisema, akasimama.

Kanisa zima liligeuka. Mchungaji alikuwa ametangaza ndoa kwa Jumapili ya tatu, ya mwisho, akauliza kama yupo mwenye kizuizi. Kwa kawaida swali hilo hujibiwa na vikohozi tu. Mchungaji alivua miwani.

"Loth? Si ndiye wewe bwana harusi?"

"Ndiye mimi, Baba Mchungaji."

"Sasa unajipinga mwenyewe?"

Kwenye kwaya mtu akashindwa kujizuia, akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichompandisha Loth mori.

"Siwezi kuoa mwanamke mwenye bwana! Kila mwezi Gadiel wa bodaboda anampakia alfajiri, wanateremka Same. Meseji nimeisoma kwa macho yangu."

Yudith alikuwa upande wa kina mama. Hakulia wala hakujitetea. Alifunga kitabu cha nyimbo, akakiacha juu ya benchi, akatoka nje kichwa wima.

Tuseme ukweli, wivu wa Loth haukuota siku moja. Kanisani kwao, baada ya ibada, vitu walivyotoa watu sadaka hunadiwa uwanjani: kuku, ndizi, tangawizi, matunda. Loth alikuwa hakubali kushindwa kwenye mabalungi. Akishayanunua, anamkabidhi Yudith mbele ya watu, naye anapokea kwa tabasamu. Halafu Loth akaja kuambiwa kwamba mabalungi yale huishia kwa Gadiel. Jumamosi Yudith alikuwa ameacha simu yake kwa Loth ichaji kwenye sola, na meseji ikaingia:

"Yudi, kesho kutwa alfajiri kama kawaida. Loth asijue. Asante kwa mabalungi, watoto wameyamaliza."

Usiku ule Loth hakuuliza. Mjinga huyu alisubiri kanisani.

Sasa Loth alimfuata Yudith nje, akamkuta nyuma ya kanisa, ukingoni mwa ndiva, lile bwawa la maji ya zamu ya kumwagilia mashamba.

"Jibu basi! Gadiel ni nani kwako?"

"Ni aliyeniokota barabarani nilipoanguka mwaka jana, akanifikisha hospitali. Mkewe ndiye aliyenifulia nguo nilizolazwa nazo. Unataka na lingine?"

"Na Same mnafuata nini?"

"Mimi nafuata basi la Moshi. Yeye anarudi kwenye kazi zake." Alifungua pochi, akatoa pakiti ya vidonge. "Nafuata hivi. Nina saratani ya damu, Loth."

Loth alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyejua ashike wapi.

"Saratani? Mbona nywele zako zipo? Mbona unalima?"

"Kwa sababu ya hivi. Si ile ya dripu inayokunyonyoa mpaka nyusi. Mgonjwa mwingine hupewa hiyo, maana saratani hazifanani. Yangu walipima damu wakaikuta na hitilafu yake."

"Hitilafu gani?"

Yudith alionyesha lango la ndiva kwa kidole.

"Lango hilo likikwama wazi, shamba lako litakuwaje?"

"Maji yataingia usiku na mchana. Tangawizi itaoza yote."

"Ndani ya damu yangu kuna lango limekwama hivyo. Linaziamrisha chembe mbovu zizaane, zizaane, hazipumziki. Kidonge hiki kimetengenezwa kuziba lango hilo. Hakibomoi mfereji mzima. Ndiyo maana nakimeza kila siku na chakula, na kila mwezi wananipima damu. Chembe mbovu zimeshuka sana. Nikiacha, zinarudi."

"Na macho yako kuvimba asubuhi? Mimi nilidhani unamlilia..."

"Ni dawa. Nayo ina karaha zake. Miguu hunikaza usiku mpaka naung'ata mto."

"Na mabalungi?"

"Balungi linaipandisha dawa mwilini kupita kipimo, inaweza kunidhuru. Daktari kalikataza kabisa. Ungenunua hata ndizi, Loth! Lakini wewe ni mabalungi, mabalungi. Ningeyatupa, roho yako uliyoiweka mle ningeitupa wapi? Nikawapa watoto wa Gadiel."

Loth alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimkumbuka alivyotoka kanisani peke yake, kichwa wima, akaona aibu mpaka masikio yakamuwaka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa. Watoto hatuwezi kupata hivi hivi tu, mpaka tupange na daktari kwanza. Nikasema nikikwambia utakimbia. Kumbe hata bila kukwambia umekimbia, tena mbele ya kanisa."

Alirudisha vidonge kwenye pochi, akaondoka. Safari hii Loth hakuthubutu kumfuata.

Wiki ile simu zake hazikupokelewa. Akaandika: "Nisamehe." Kimya. Akaandika: "Sina uso wa kukutazama." Kimya. Akateremka mpaka kijiweni kwa Gadiel, akamwomba radhi huku bodaboda wengine wakisikiliza.

"Mimi nimekusamehe," Gadiel alisema. "Lakini hukunivua nguo mimi. Ulimvua yeye, na ulimvulia kanisani."

Jioni Loth akaandika tena: "Nilikosea kanisani. Nitaomba radhi kanisani."

Jibu likaja: "Ugonjwa wangu usiutaje. Huo ni wangu."

Jumapili, kabla ya matangazo kwisha, Loth akasimama. 

"Kizuizi tena?" Mchungaji aliuliza kwa hofu.

"Kizuizi ni mimi, Baba Mchungaji. Nilimsingizia Yudith, nikamsingizia na Gadiel. Anakokwenda nakujua sasa, na ni kwema. Nimemdhalilisha mtu aliyenizidi kwa kila kitu. Naona aibu, na nastahili kuiona."

Alikaa. Safari hii hakuna aliyecheka, na Loth aliona heri wangecheka.

Mnadani, Mzee Aminieli, dalali wao, aliinua balungi kubwa la manjano kwa mazoea.

"Haya, Loth! La mchumba hili!"

Loth aliinamisha kichwa. 

"Elfu moja!" ilisema sauti ya Yudith.

Hakuna aliyethubutu kumpandia dau. Yudith alilichukua, akalimenya taratibu kwa kucha, akamwekea Loth mkononi.

"Kula."

"Lote?"

"Lote. Mimi sili balungi, mnasikia jamani? Nina saratani ya damu, natumia dawa, na dawa haipatani nalo. Anayetaka kujua zaidi aniulize mimi, asisome simu yangu."

Mama mmoja alishika mdomo. Mwingine akaja, akamkumbatia Yudith. Loth alikuwa anatafuna. Balungi lilikuwa chachu na chungu, lakini hakutema hata mbegu.

"Baba Mchungaji," Yudith akaita, "Jumapili ijayo uanze kututangaza upya. Kuanzia ya kwanza."

Loth alipaliwa.

"Na nikiuliza kama yupo mwenye kizuizi?" Mchungaji aliuliza.

Yudith alimtazama bwana harusi wake, mashavu yamemjaa, machozi yanamchuruzika mpaka kwenye kola.

"Uliza tu, Baba Mchungaji. Nitakaa karibu naye, na balungi mkononi."