Mama Alimkataza Daktari

Soko la Makambako lilikuwa limefurika siku Lightness alipomwona mwanamume mrefu kwenye meza yake ya mitumba, akijipimia sweta la kike bila habari.

"Hilo la mama mjamzito, kaka."

"Baridi ya Njombe haichagui," alijibu, akalilipia.

Aliitwa Manase, daktari wa ubongo. Alizunguka vijijini akitafiti kwa nini wazee wengine husahau, na nini kinaweza kuichelewesha hali hiyo. Tangu siku ile Jumamosi haikupita bila yeye. Lightness alimtania kwamba anakuja kumpima ubongo. Akajibiwa kwamba ubongo wake ni mzima, ugonjwa uko moyoni. Kufika Pasaka walikuwa wapenzi, na Mama Dorosela, mama yake Lightness, alikuwa amejiunga na utafiti.

Kisha mama akapotea. Alitoka kununua sukari, akakutwa jioni barabara ya Mbeya, gauni la kanisani limelowa matope, akiulizia nyumba waliyohama zamani. Lightness akampigia Manase, akamweleza. Manase akauliza tu kama ameumia, bila kushangaa.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Unakula ugali wa mama yangu, unacheka naye, na unajua?"

"Alinikataza nisikwambie. Ni mgonjwa wangu, mpenzi. Siri yake siwezi kuitoa, hata kwako."

Lightness alikata simu. Zilizofuata hakuzipokea.

Mama mwenyewe ndiye aliyeanzisha mazungumzo, wakichambua maharage. Alisema Manase alimbembeleza sana amwambie binti yake. Alimpa dawa za presha, akamwagiza atembee, akae na watu, asijifungie ndani. Hayo hayaponyi, ila huenda yakapunguza mwendo wa ugonjwa. Ila mama ndiye aliyekataa kusema.

"Ungesikia, usingeolewa. Ungekaa kunitunza. Na mimi nataka nikuone bibi harusi nikiwa bado nakujua."

Akaendelea kuchambua.

Lightness alitoka uani, akajifunga kitenge vizuri, akapiga simu.

"Daktari."

"Nipo."

"Walete wazee wako waje kuposa Jumamosi hii. Siyo mwezi ujao kama tulivyopanga."

"Umenisamehe?"

"Bado. Lakini leo mama amekutaja kwa jina, na sijui atalishika mpaka lini."